Mizani ya Fedha Ugenini: Somo kwa Makatibu, Waweka Hazina na Wajumbe wa Safari

Madhumuni ya somo

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha viongozi wa vyama vya msingi kuelewa jinsi kiwango cha kubadilishia fedha kinavyopangwa mjumbe anapotoa fedha katika mashine ya benki nje ya nchi, na jinsi fedha ya wanachama inavyoweza kulindwa isipungue njiani. Inafaa lisomwe katika kikundi, na hesabu zake zifanywe ubaoni mbele ya wote.

1. Bei na mizani

Mkulima aliyewahi kupeleka kahawa au pamba kwenye kituo cha kununulia anajua kwamba bei iliyobandikwa ukutani siyo habari yote. Mizani ikichezewa, bei nzuri haimfai kitu. Ndiyo maana waasisi wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1844, walisifika kwa kuuza bidhaa safi kwa kipimo kamili. Fedha ya kigeni nayo ni bidhaa. Ada yake huandikwa wazi kwenye karatasi, lakini hasara kubwa hukaa katika mizani, yaani katika kiwango cha kubadilishia.

Zamani msafiri wa Afrika Mashariki hakulazimika kulifikiria sana jambo hili alipovuka mpaka. Tangu 1921 shilingi moja, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, hadi kila nchi ilipoanza kutoa sarafu yake mwaka 1966. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilifungua mashine yake ya kwanza ya kutolea fedha huko Enfield, London. Leo kadi iliyotolewa Moshi au Mwanza yaweza kutoa fedha Nairobi, Dubai au Brussels, mji wenye makao makuu ya Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika. Urahisi huo una bei yake.

2. Mikono mitatu

Mjumbe atoapo fedha ugenini, fedha ya chama hupita katika mikono mitatu, na kila mmoja waweza kukata sehemu yake.

Mkono wa kwanza ni mwenye mashine. Huyu aweza kutoza ada ya kutumia mashine yake, nayo kwa kawaida huonyeshwa kwenye kioo kabla fedha haijatoka.

Mkono wa pili ni mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard. Mtandao hupanga kiwango chake kila siku, na kiwango hicho kwa kawaida hukaribia kile ambacho mabenki makubwa hubadilishana yenyewe kwa yenyewe.

Mkono wa tatu ni benki iliyotoa kadi. Benki nyingi huongeza asilimia fulani kwa sababu muamala umefanyika nje ya nchi, na juu yake ada maalumu kwa kila mara fedha inapotolewa. Baadhi ya benki hupokea deni kwa dola, kisha hulibadilisha kuwa shilingi kwa bei yao ya kuuzia. Hapo fedha hubadilishwa mara mbili, na kila mara hupungua kidogo.

3. Swali la kwenye kioo

Mashine nyingi katika nchi zinazopokea wageni wengi huuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: je, mteja anataka akatwe kwa sarafu ya nchi hiyo, au kwa sarafu ya kwao? Swali huonekana la wema, kwa kuwa mgeni huona kiasi katika sarafu aliyoizoea. Ukweli ni kwamba anayekubali sarafu ya kwao amempa mwenye mashine mamlaka ya kupanga kiwango badala ya mtandao wa kadi. Mwenye mashine, au kampuni anayoshirikiana nayo, huongeza faida yake ndani ya kiwango hicho, na mara nyingi nyongeza hiyo ni asilimia kadhaa.

Kanuni za mitandao ya kadi zinataka mteja aulizwe, wala asibadilishiwe bila ridhaa yake. Hata hivyo maneno ya kioo mara nyingine hutisha. Mjumbe akibonyeza "kataa", hudhani kwamba ameikataa fedha yenyewe. Sivyo. Amekataa kubadilishiwa na mashine tu, na fedha itatoka kama alivyoomba. Jibu sahihi ni kuchagua sarafu ya nchi aliyomo, au "bila kubadilisha".

Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 19 Aprili 2020, sheria huwataka watoao huduma hii waonyeshe nyongeza yao kwa asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Sheria hiyo imewekwa kwa malipo ya ndani ya Umoja huo. Mjumbe mwenye kadi ya Afrika Mashariki asiitegemee kuwa kinga yake.

4. Hesabu ya mfano

Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu. Siyo kiwango cha siku yoyote. Ichukuliwe kwamba euro 1 ni shilingi 3,000, na mjumbe anatoa euro 200 huko Brussels. Benki yake hutoza asilimia 3, pamoja na ada ya shilingi 10,000 kwa kila mara.

Akichagua euro: 200 mara 3,000 ni shilingi 600,000. Asilimia 3 ni 18,000. Ada ni 10,000. Jumla ni shilingi 628,000.

Akichagua shilingi, na mwenye mashine akaongeza asilimia 8: kiwango huwa 3,240, na 200 mara 3,240 ni shilingi 648,000. Ikiwa benki bado hutoza asilimia yake kwa kuwa muamala umefanyika nje, 19,440 huongezwa, kisha ada ya 10,000. Jumla ni shilingi 677,440.

Tofauti ni shilingi 49,440 kwa kubonyeza mara moja. Wajumbe watatu wakifanya hivyo mara mbili kila mmoja, chama kimepoteza shilingi 296,640. Ikiwa chama hicho hupata ushuru wa shilingi 50 kwa kila kilo, basi ushuru wa karibu kilo 6,000 za mazao ya wanachama umeyeyuka, wala hakuna aliyeiba.

5. Wajibu wa chama

Kabla ya safari, mweka hazina aiulize benki mambo manne: asilimia ya muamala wa nje, ada ya kila mara, kiwango cha juu cha kutoa kwa siku, na kama kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Kadi ya mkopo isitumiwe kutolea fedha taslimu bila sababu, kwa maana riba yake kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ile ile.

Akiwa safarini, mjumbe achague daima sarafu ya nchi aliyomo. Atoe kiasi cha kutosha kwa mara chache, kwa kuwa ada maalumu hurudiwa kila mara, lakini asibebe zaidi ya kile anachoweza kukilinda. Kila stakabadhi ya mashine itunzwe.

Baada ya safari, marejesho ya masurufu yafanywe kwa taarifa ya benki na siyo kwa stakabadhi ya mashine peke yake. Makato yaweza kuandikwa siku moja au mbili baadaye kwa kiwango cha siku hiyo. Tofauti ndogo ya namna hiyo isimtie mjumbe mwaminifu katika shutuma. Lakini stakabadhi ikionyesha kwamba mashine ndiyo iliyobadilisha fedha, kamati iulize sababu, na jibu liandikwe.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini mashine isiyotoza ada yoyote yaweza kuwa ghali kuliko ile inayotoza?
2. Rudieni hesabu ya sehemu ya 4 kwa euro 300, nyongeza ya mwenye mashine ikiwa asilimia 5.
3. Mjumbe ametoa euro 50 mara nne badala ya euro 200 mara moja. Chama kimelipa ada ya benki kiasi gani zaidi?
4. Je, kanuni za safari za chama chenu zinasema lolote kuhusu kadi za benki? Kama hazisemi, kikundi kiandike pendekezo la kupelekwa kwenye kikao cha kamati.