Mwalimu mgeni na redio: masomo kutoka Rwanda na mashariki mwa Kongo



Somo letu la leo linahusu watu ambao wengi wetu tumekwisha kuwaona: mwalimu au mtafiti anayetoka ng'ambo, anakuja kufundisha kazi ya habari ao kuchunguza namna redio inavyogusa maisha ya watu. Anabeba daftari na kinasa sauti. Anauliza maswali mengi, kisha anapanda ndege. Wahami wa vita wanabaki wakijiuliza: huyu mgeni alitufaa nini?

Ni swali la haki. Tutalijibu kwa kuangalia kazi zilizofanyika kweli, kwanza Rwanda na kisha hapa kwetu Kongo. Tutaona kwamba mgeni wa namna hiyo anaweza kutuonyesha jambo ambalo sisi wenyewe, kwa kuwa tuko ndani ya matatizo, hatulioni vizuri. Lakini faida yake inapatikana kama tunajua kumuuliza na kama majibu yake yanarudi kwetu.

1. Kwa nini kazi ya habari ni jambo la uhai

Mwezi wa Julai 1993, redio moja iliyoitwa RTLM ilianza kusikika Rwanda. Ilipiga muziki mzuri, ilifanya mzaha, na vijana waliipenda. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, redio hiyohiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha, ikachochea wauaji. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha, Tanzania, iliwahukumu watu watatu katika kesi moja iliyohusu vyombo vya habari: wawili walikuwa waanzilishi wa RTLM, na wa tatu alikuwa mwenye gazeti la Kangura. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa iliwapunguzia adhabu, lakini hakuna aliyeachiliwa kwa uamuzi huo.

Tuone jambo moja: Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi hao, alikuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu. Elimu peke yake haimfanyi mtu kuwa mpenda amani. Elimu ya habari inahitaji uaminifu pamoja na ujuzi.

2. Walimu waliokuja Butare

Baada ya mwaka 1994, Rwanda ilibaki na wanahabari wachache. Wengine waliuawa, wengine walikimbia, wengine walikuwa wameshiriki katika uovu. Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare kilianzisha shule ya uandishi wa habari, lakini walimu hawakutosha.

Katika Kanada, mwanahabari wa zamani aitwaye Allan Thompson alikuwa amekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Carleton, mji wa Ottawa. Mwezi wa Machi 2004 alikusanya watafiti na wanahabari kuzungumza juu ya swali moja: vyombo vya habari vilifanya nini Rwanda, vile vya ndani vilivyochochea, na vile vya ng'ambo vilivyonyamaza? Mazungumzo hayo yalizaa kitabu mwaka 2007. Na kuanzia mwaka 2006, Carleton na chuo cha Butare walishirikiana: walimu na wanahabari wa Kanada walikuja kufundisha kwa vipindi vifupi.

Mwalimu mgeni anafundisha mambo ambayo yanaonekana madogo. Nani alifanya? Nini? Wapi? Lini? Wewe umejuaje? Nani mwingine ameona? Hayo si mambo ya darasani tu. Mtu akija usiku kambini na kusema "wanakuja", maswali hayo yanaweza kuokoa familia isikimbilie mahali penye hatari zaidi.

Thompson alifanya pia uchunguzi mmoja ambao unatufundisha heshima. Mwezi wa Aprili 1994, mwanahabari wa Uingereza, Nick Hughes, alikuwa juu katika jengo moja la Kigali. Kwa mbali alipiga picha za video za watu wakiuawa barabarani. Picha hizo zilionyeshwa duniani kote kwa miaka mingi, lakini waliouawa hawakuwa na majina. Walikuwa "maiti za Rwanda" tu. Thompson alitafuta, akauliza majirani, akapata familia. Miaka kumi na mitano hivi baada ya mauaji, ilijulikana kwamba katika picha hiyo mlikuwa baba mmoja na binti yake, na ndugu zao walikuwa wangali hai.

Uchunguzi huo haukumfufua mtu. Lakini watu wawili waliacha kuwa picha na wakarudi kuwa watu wa ukoo fulani, wa mtaa fulani. Sisi ambao tumezika wapendwa wetu njiani tunaelewa thamani ya jambo hilo.

3. Je, ni redio ndiyo iliyoua?

Watu wengi wanasema: "Redio ndiyo iliyoua Rwanda." Watafiti wageni walitaka kupima neno hilo.

Scott Straus wa Marekani, ambaye mbele ya kuwa mtafiti alikuwa mwanahabari, aliingia katika magereza ya Rwanda mwaka 2002 na kuzungumza na wafungwa 210 waliokiri kuua. Aliwauliza ni nini kiliwafanya waende. Wengi hawakusema redio. Walisema walifuatwa na watu wanaowajua: kiongozi wa eneo, jirani, kundi lililopita mlangoni na kuwalazimisha.

Mtafiti mwingine, David Yanagizawa-Drott, alitumia milima. Sisi wa mashariki tunajua kwamba redio inasikika upande mmoja wa mlima na kukatika upande wa pili. Yeye alilinganisha vijiji vilivyoisikia RTLM na vile ambavyo milima iliviziba. Katika utafiti wake wa mwaka 2014, alikadiria kwamba asilimia 10 hivi ya ushiriki katika mauaji ilitokana na redio hiyo.

Majibu haya mawili hayalingani kabisa, lakini yote yanatuonyesha njia moja. Redio inaweza kuwasha moto, na hata asilimia 10 ni watu wengi sana. Ila sehemu kubwa ya maneno yanayoua inapita kinywani mwa mtu tunayemfahamu, tena mwenye cheo. Ndiyo sababu somo hili tunaliandika kwa viongozi. Neno lako, chefu au mwenyekiti wa kambi, linasikilizwa kuliko redio.

4. Mchezo wa redio ulifanya nini?

Mwaka 2004 shirika la Radio La Benevolencija lilianza kutangaza Rwanda mchezo wa redio uitwao Musekeweya. Unahusu vijiji viwili vinavyogombana juu ya ardhi, na vijana wanaopendana huku wazazi wao wakichukiana. Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliufuata kwa mwaka mmoja. Vikundi fulani vilisikiliza Musekeweya, na vikundi vingine vilisikiliza mchezo juu ya afya. Mwishoni akalinganisha.

Alikuta kwamba yale ambayo mtu anaamini moyoni hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni namna watu walivyoona desturi ya jamii yao: nini kinakubalika kusema, nani anaweza kuoana na nani, kama ni halali kupinga mkubwa. Tena matendo yalibadilika. Kila kikundi kilipewa redio ya kaseti na kaseti kiigawane matumizi. Katika vikundi vya mchezo wa afya, kwa kawaida mtu alisema "apewe kiongozi", na wengine wakakubali. Katika vikundi vya Musekeweya, watu walibishana, wakatoa mawazo, wakapanga kutunza kitu chao pamoja.

Kwa hiyo kiongozi asiogope watu wake wakibishana kwa adabu. Kubishana kwa namna hiyo ni dalili kwamba watu wanaanza kujitegemea.

5. Somo gumu kutoka kwetu Kongo

Mtafiti huyohuyo alikuja mashariki mwa Kongo. Hapa shirika lilelile lilitangaza mchezo uitwao Kumbuka Kesho. Katika maeneo fulani, baada ya mchezo, kiliongezwa kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wazungumze wao kwa wao juu ya mambo waliyosikia. Maeneo mengine yalisikia mchezo peke yake. Kila mtu alidhani kwamba mazungumzo yataongeza uvumilivu.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2010, na yalikuwa kinyume. Waliosikia kipindi cha mazungumzo walizungumza zaidi, ni kweli. Lakini walikuwa na uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka zaidi maovu waliyotendewa, na walikuwa wazito zaidi kuwasaidia watu wasiowapenda. Hilo la kusaidia lilipimwa kwa chumvi: mtu alipewa mfuko wa chumvi, kisha akaulizwa kama angetoa sehemu yake kwa jamii asiyoipenda.

Hatusemi hivyo ili kuwalaumu waliotengeneza kipindi. Nia yao ilikuwa njema. Na huo ndio uzito wa somo: nia njema haitoshi. Sisi wafanyakazi wa amani tumezoea kusema "tukae chini tuongee", na kweli hakuna amani bila kuongea. Ila mazungumzo yasiyo na mwongozo, kati ya watu wa upande mmoja peke yao, wenye jeraha bichi, yanaweza kuwa kama kuchokora kidonda kwa kidole kichafu. Kila mmoja analeta ubaya wa wale wengine, na wote wanarudi nyumbani na hasira kuliko walivyokuja.

Bila kupima, hakuna ambaye angejua. Hapo ndipo mtafiti alitufaa.

6. Mgeni anaenda, mwenyeji anabaki

Tusisahau upande mwingine. Mwalimu mgeni akimaliza muhula wake, hatari inabaki na mwanahabari wa hapa. Redio Okapi ilianza mwezi wa Februari 2002 na inatangaza pia kwa Kiswahili. Waandishi wake wawili waliuawa kwa risasi mjini Bukavu: Serge Maheshe mwezi wa Juni 2007, na Didace Namujimbo mwezi wa Novemba 2008. Walizaliwa Kongo na waliifanyia Kongo kazi.

Mwaka 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, wanahabari wengi walijikuta tena katika hofu. Jamii inayotaka habari za kweli inapaswa kumlinda mwanahabari wake: isimtukane kwa sababu kabila lake ni lingine, isimtake aseme uongo wenye kutupendeza, isitaje jina lake ovyo mahali pa hatari.

7. Tufanye nini?

Mtafiti akija kwenu, kiongozi amwulize bila woga:
- Unatoka chuo gani, na nani anakulipa?
- Majibu yetu yatatumiwa kwa nini?
- Majina yetu yatafichwa namna gani?
- Mtu akikataa kujibu, atapoteza msaada? (Jibu la haki ni: hapana, hata kidogo.)
- Utarudije kutueleza uliyoyakuta, tena kwa lugha tunayoisikia?

Mkisikiliza redio pamoja na kuzungumza:
- Mchague mwenye kuongoza anayeheshimiwa na pande zote.
- Mkubaliane mbele: hakuna kusema "watu wa kabila fulani wote". Mtu aseme aliyoyaona yeye mwenyewe.
- Alete pia tendo jema ambalo mtu wa upande wa pili alimtendea. Karibu kila mhami ana moja: aliyempa maji, aliyemficha, aliyembebea mtoto.
- Msimalize bila kuamua kazi moja ya pamoja, hata ikiwa ndogo kama kusafisha kisima.
- Mazungumzo yakichemka, mwongozaji ayasimamishe. Kuahirisha si kushindwa.

Habari ya hatari ikifika:
- Nani aliona kwa macho yake? Wapi? Lini?
- Je, kuna mtu wa pili ambaye hakuambiwa na yule wa kwanza?
- Nani anapata faida tukikimbia, ao tukibaki?

Kama hatari inaonekana wazi, okoeni maisha kwanza. Lakini kama ni neno lililosikika tu, dakika chache za kuuliza ni ulinzi pia.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Ni habari gani ya uongo iliyowahi kutuhamisha ao kutugombanisha? Ilianzia kinywani mwa nani?
2. Katika vikao vyetu, watu wanatoka na hasira ao na kazi ya kufanya? Kwa nini?
3. Kuna watafiti waliopita kwetu? Tulipata majibu yao? Tunaweza kuyadai kwa njia gani?
4. Mfuko wa chumvi ukiwekwa mikononi mwako leo, nawe ukaombwa kuwagawia wale usiowapenda, ungefanya nini? Jibu kwanza kimya, moyoni.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aje na elimu yake, tumpokee. Ila kupona kutategemea sisi wenyeji, kwa maswali tunayomuuliza na kwa maneno tunayoyaachilia kinywani. Tunawatakia ninyi na familia zenu amani, na siku ya kurudi nyumbani.