Kwanza Kifungua Kinywa, Halafu Swali



Wapendwa vijana, leo naomba uchukue Biblia yako (hata ya kwenye simu inatosha), fungua Injili ya Yohane sura ya 21, soma aya ya 1 hadi 17. Soma taratibu, halafu rudi hapa. Swali letu ni moja tu: ukiwa na rafiki ambaye imani yake imepoa, unaanzia wapi?

Petro anarudi kwenye nyavu

Yesu amefufuka na mitume wamemwona. Lakini Petro ni yule yule aliyemkana Bwana mara tatu, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu (Yoh 18:18). Sasa yuko Ziwa Tiberia na anawaambia wenzake kwamba anakwenda kuvua. Haelezi zaidi. Wenzake ni sita: Tomaso, Natanaeli, wana wawili wa Zebedayo na wengine wawili wasiotajwa majina. Hakuna hata mmoja anayempa somo. Wanapanda naye mashua, basi. Na usiku kucha hawapati kitu.

Ukisoma haraka utadhani hapo hakuna la maana hadi Yesu atokee. Mimi naona lipo. Wale sita walikubali kukosa pamoja naye.

Mishipi miwili Bagamoyo

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari. Alimaliza chuo miaka miwili iliyopita na hajapata kazi. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akitugongea mlango twende Misa ya asubuhi. Juzi kati alinipigia simu: "Frateri, wikiendi hii twende Bagamoyo tukavue. Ila usije na mahubiri." Nikamwambia sawa.

Jumamosi jioni tulikuwa mchangani na mishipi miwili, ndoana, chubwi na mfuko wa kamba wa kuwekea chambo. Kwa msiojua bahari: pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Anayevua akiwa amesimama ufukweni husubiri maji yaanze kujaa, maana samaki nao husogea na maji wakitafuta chakula. Hayo alitueleza mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu wake pale karibu. Tulimpa shikamoo, akaangalia mafundo ya ndoana zetu, akacheka, akayafunga upya kabla ya kutoka na mashua yake.

Tukatupa mishipi. Chambo kikaliwa, ndoana ikarudi tupu. Tena, na tena. Saa tatu usiku, saa nne. Uvuvi wa mshipi una jambo moja zuri: mikono ina kazi, macho yako baharini, hamtazamani usoni. Maneno mazito hutoka kwa urahisi. Kama saa tano hivi rafiki yangu akasema, bila kunigeukia, "Mimi siku hizi sisali. Nimeomba kazi miaka miwili. Nimechoka kuongea na mtu asiyejibu."

Jamani, mimi nina shahada ya falsafa. Njia tano za Mtakatifu Thoma wa Akwino za kuonyesha kwamba Mungu yupo ninazijua. Lakini mwenzangu hakuwa ameniletea hoja, alikuwa ameniletea maumivu. Nikamuuliza tu, "Ilianza lini?" Akaongea karibu saa nzima. Barua za maombi zisizojibiwa. Mama yake anayeuliza kila wiki kama kuna habari. Aibu ya kuombwa mchango jumuiyani wakati huna hata nauli. Nikasikiliza.

Samaki hatukupata hata mmoja. Alfajiri yule mzee alirudi, akatuona tulivyo, akatupa changu wawili. "Kaleni, wanangu." Tukawachoma kwa makaa, tukala na chapati za jana.

Bwana alianza na chakula

Sasa rudi kwenye Injili, uone mambo matatu.

1. Kabla wavuvi hawajashuka na samaki wao, Yesu tayari ana samaki na mkate juu ya makaa (aya ya 9). Hakuwalisha kwa sababu wamefaulu. Ila hakuidharau jasho yao: aliwaomba walete na wale waliovua, nao walikuwa 153.

2. Yohane anataja moto wa makaa mara mbili tu: pale Petro alipokana, na hapa. Petro anarudishwa penye moto kama ule, lakini safari hii anakaribishwa kula.

3. Swali lilikuja baada ya kula (aya ya 15). Na lilikuja kweli! Yesu hakulikwepa. Alimuuliza Petro mara tatu kama anampenda.

Kwa hiyo kumsindikiza rafiki si kukubali kila anachosema, wala si kukaa kimya milele. Ni kujua mpangilio: kwenda naye, kula naye, ndipo kuuliza. Aristotle alishasema kwamba watu hawawezi kufahamiana kweli kabla hawajala chumvi pamoja. Mtakatifu Thoma akaenda mbali zaidi: upendo wa Kikristo ni urafiki wa mtu na Mungu. Basi mwenzako atauaminije urafiki huo wa Mungu asiyemwona, ikiwa sisi anaotuona tunamfikia na lawama tu?

Jumapili ile nilikwenda Misa katika misioni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Yeye alibaki nje chini ya miembe. Nilipotoka nikamuuliza swali moja: "Lakini bado unampenda?" Alinyamaza kidogo. "Kama nisingempenda, nisingemkasirikia." Mimi nikaona hiyo ni sala tayari. Kazi bado hajapata, na Misa bado hajarudi. Mwezi ujao tunakwenda kuvua tena.

Kazi ya wiki hii

- Mtaje moyoni rafiki mmoja ambaye siku hizi humwoni kanisani. Mara ya mwisho ulimtafuta kwa ajili yake, au kwa ajili ya kumrudisha tu?
- Mwalike mle pamoja. Uliza, sikiliza, usikatize.
- Muda ukifika, usiogope kumuuliza kuhusu Yesu. Uliza kuhusu upendo kabla ya kuuliza kuhusu mahudhurio.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyewasubiri rafiki zako ufukweni na kuwawashia moto, wakumbuke wenzetu waliochoka kuomba. Tupe uvumilivu wa kukaa nao usiku, na ujasiri wa kuwaelekeza kwako kukipambazuka. Amina.

Mungu awabariki sana.