Kichwa Kikimuuma Mama Mjamzito, Msiseme ni Malaria Tu



Hapa kwetu Bukhayo, kuanzia Matayos mpaka Nambale, kichwa kikiuma tunasema ni malaria. Tunanunua dawa dukani, tunalala. Kwa mama mwenye mimba ya miezi mitano kwenda mbele, mazoea hayo ni ya hatari. Malaria iko kweli, nayo ipimwe. Lakini presha pia ipimwe siku hiyo hiyo.

Presha ya mimba hupanda bila mama kusikia lolote. Ndiyo sababu anapimwa mkononi kila kliniki, hata akisema yuko sawa. Kitabu chake kikiandikwa 140 kwa 90 au zaidi, ulizeni, na mkojo upimwe kama una protini. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Uso na mikono kuvimba ghafla si kawaida. Dalili zingine ni kichwa kisichopoa, macho kuona ukungu au vimulimuli, na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia.

Damu isipopita vizuri kwenye kondo la nyuma, mtoto hapati chakula na hewa ya kutosha. Hudumaa, huzaliwa kabla ya wakati, au hufia tumboni. Mama naye huweza kuharibika figo na ini, kuvuja damu kichwani, au kushikwa na kifafa cha mimba. Hapo ndipo wengine husema amerogwa, na saa zinaishia kwa mganga! Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, msimtie kijiko mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kuna sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa nusu hivi. Dawa za presha humsaidia mama, lakini ugonjwa wenyewe hauishi mpaka azae. Hata akishazaa, kwa wiki sita bado mwangalieni.

Aliyewahi kuugua hivi aende kliniki mapema, mwezi wa tatu. Daktari anaweza kumwandikia aspirini kidogo kidogo. Asijinunulie.

Sasa, boda boda zilianzia hapa mpakani, lakini mama mwenye kifafa hawezi kukaa juu ya pikipiki. Mkikutana wiki hii ulizaneni: ni nani mwenye gari karibu, atakubali kuamshwa saa nane usiku, na atalipwa kutoka mfuko gani?