RIZIKI YA FUNDI NA USINGIZI WA JIRANI

Katika miji yetu, na siku hizi hata katika vijiji vikubwa, nyumba ya kuishi imekuwa pia mahali pa kutafutia riziki. Hapa pana mashine ya kusaga, pale pana banda la kuku mia mbili, ng'ambo ya njia yuko seremala na randa yake ya umeme, na nyuma ya ukuta yuko fundi wa kuchomelea vyuma. Twawasifu wote hawa. Mtu asiyengoja kuajiriwa, bali akafungua kazi kwa mikono yake mwenyewe, hulisha watoto wake, na mara nyingi huwafundisha kazi vijana wa mtaa. Lakini twajua pia ya kuwa kazi hizohizo zimewanyima wengi raha ya nyumba zao, na majirani waliokuwa wakiombana chumvi wameacha hata kuamkiana. Juu ya jambo hilo twataka kusema na wasomaji wetu leo.

Tufikirie nyumba mbili zilizotengwa na ukuta mmoja wa matofali. Katika ya kwanza anakaa fundi wa milango na madirisha ya chuma. Katika ya pili anakaa mama mmoja, muuguzi wa hospitali, pamoja na mama mkwe wake na mtoto anayejitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Fundi huanza kukata vyuma saa tatu usiku, na mara nyingine humaliza saa sita. Mlio wa mashine wapita ukuta kana kwamba ukuta haupo. Mwanga wa kuchomelea wamulika dirishani. Taa za jirani zafifia kila mara mashine inapovuta umeme. Mtoto hawezi kusoma, bibi hawezi kulala, na muuguzi aenda kazini asubuhi na macho mazito. Hilo si jambo dogo. Mkono uliokosa usingizi ndio utakaopima dawa ya mgonjwa.

Watu waliofikwa na taabu ya namna hii huelekea kushika njia moja kati ya mbili, na zote mbili ni mbaya. Wengine hunyamaza. Hununa miezi sita, huwakataza watoto wao kucheza na watoto wa jirani, husimulia habari zake kisimani na dukani. Yeye peke yake ndiye asiyeambiwa. Wengine hungoja mpaka hasira ifurike, kisha usiku mmoja hutoka wakipiga kelele, na maneno yakatamkwa mbele ya mtaa mzima ambayo hayarudi tena. Yule anyamazaye na yule anayefoka wana kosa moja: hakuna aliyekwenda kwa jirani yake kumweleza shida kwa utulivu na kusikiliza shida yake.

Ugomvi huu si wa leo. Yapata miaka 1,900 iliyopita, mtu mmoja katika Italia ya kale alikodi kutoka kwa mji wa Minturnae jengo la kukaushia jibini kwa moshi, na moshi ule ukawasumbua wenye majengo ya juu. Mwanasheria Aristo alipoulizwa, alijibu ya kuwa mwenye jibini hana haki ya kupeleka moshi wake kwa watu wa juu, isipokuwa kama kuna haki ya namna hiyo iliyokubaliwa. Mtu yu huru kufanya kazi mahali pake maadamu hapeleki kitu mahali pa mwenziwe; na moshi, kama vile maji, ni kitu. Jibu lake lilihifadhiwa katika Digesta, kitabu cha sheria alichokitoa Kaisari Justinian mwaka 533. Lakini papo hapo wanasheria walitaja pia moshi mwepesi, kama ule wa jiko la nyumbani, kuwa hauwi sababu ya kushtakiana.

Katika majibu hayo mawili mna hekima ya kutosha kwa mitaa yetu. Yako mambo ya jiko, na yako mambo ya kiwanda. Kuku mmoja akiwika, mtoto akilia, kinu kikitwangwa, jirani akimwoza binti yake na ngoma ikalia usiku mmoja, hayo ni ya jiko: tuyavumilie, maana nasi twawapa wenzetu ya namna hiyo. Lakini mlio wa chuma kila usiku, harufu ya banda lisilosafishwa, unga na vumbi la mbao juu ya nguo zilizoanikwa, hayo ni ya kiwanda. Si dhambi wala si wivu kuyasema. Shida iko katika namna ya kuyasema.

Kwanza, anayeudhika ajipime mwenyewe. Kwa muda wa wiki mbili aandike siku, saa, na jambo lililotukia. Pengine ataona kwamba kelele alizodhani ni za kila siku ni za siku mbili tu katika wiki, na hasira yake itapoa. Pengine ataona ni usiku kumi kati ya kumi na minne, na hapo atakuwa na neno la kweli la kusema, wala hatalazimika kutia chumvi.

Pili, aende mwenyewe, mchana, wakati mashine imenyamaza, wala asiende mbele ya wateja au vijana wanaojifunza kazi, maana mtu aliyeaibishwa mbele ya wanafunzi wake hasikii tena. Aseme hivi: "Shikamoo, fundi. Nimekuja kuomba msaada wako. Mimi nalala saa nne, na mtoto wangu ana mtihani mwaka huu. Naomba tuone jinsi kazi ya kukata vyuma itakavyomalizika kabla ya usiku." Kisha anyamaze, asikilize.

Kusikiliza ndiko kulikosahauliwa na wengi. Yawezekana muuguzi wetu akaambiwa jambo ambalo hakulijua: kwamba jioni, watu wanapopika na kuwasha taa zote, umeme wa mtaa hushuka nguvu na mashine ya kuchomelea haishiki, ndiyo sababu fundi hungoja usiku. Tena ana watoto watatu shuleni, na mteja asiyepata mlango wake kwa siku aliyoahidiwa huenda kwa fundi mwingine. Aliyekuja kushtaki sasa anaona kwamba taa zake zinazofifia na mashine isiyoshika ni ugonjwa mmoja, nao ni udhaifu wa umeme wa mtaa. Barua kwa shirika la umeme yaweza kuandikwa na nyumba zote mbili kwa pamoja.

Tatu, aombe jambo lililo wazi, lenye kipimo. "Punguza kelele" si ombi, maana kila mtu ana mizani yake. Wala asiombe kazi ifungwe, kwa kuwa hiyo ni sawa na kuomba watoto wa jirani walale njaa ili wake walale usingizi. Aombe saa, mahali na namna. Kukata na kusugua vyuma kumalizike saa kumi na mbili jioni. Usiku zibaki kazi za kimya, kama kupima, kupanga na kupaka rangi. Mashine iondolewe ukutani pa jirani, ipelekwe upande wa pili wa ua: mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa kadiri ya desibeli 6. Chuma kibanwe imara juu ya mbao au mfuko wa mchanga, maana chuma kilicholegea hulia kama kengele. Turubai zito lisiloshika moto kwa urahisi, au bati, liukinge mwanga.

Katika hayo yote fundi hafanyi hisani kwa jirani peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 1999 lilisema ya kuwa usingizi mwema wataka chumba kisichozidi kama desibeli 30 za kelele zisizokatika. Mashine ya kukatia vyuma, karibu na aishikaye, hupita 90. Masikio ya kwanza kuharibika ni ya fundi mwenyewe na ya watoto wake wanaocheza uani. Na mwanga wa kuchomelea, ukitazamwa bila kioo cheusi, huumiza macho saa kadhaa baadaye, kana kwamba yametiwa mchanga. Jirani ajuaye hayo aende kama mtu amwoneaye fundi huruma, naye atapokelewa hivyo.

Makubaliano yakipatikana, na yajaribiwe wiki mbili, kisha wote wawili wakae tena. Tena jirani naye atoe kitu. Akubali kwamba siku moja moja, kazi ya haraka ikija, fundi atabisha hodi mapema na kueleza, naye hatanung'unika.

Nne, ikiwa fundi amekataa kusikia, aitwe mtu wa tatu. Awe mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, au kiongozi wa jumuiya ikiwa wote ni wa jumuiya moja, au mwenyekiti wa mtaa. Baraza la Kata nalo, katika sheria ya mwaka 1985, lilipewa upatanishi kuwa kazi yake ya kwanza. Yaliyokubaliwa yaandikwe kwa mistari michache na kutiwa sahihi.

Tano, na mwisho kabisa, iko sheria. Kanuni ya Adhabu huhesabu kuwa kosa kelele kubwa au harufu mbaya inayoudhi watu wengi. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 yahusika na kero zinazodhuru afya. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitungwa kanuni mwaka 2015 zilizoweka viwango vya kelele, vya mchana mbali na vya usiku. Afisa afya na afisa mazingira wa halmashauri ndio wa kuendewa, na daftari lile la wiki mbili litakuwa shahidi. Kwenda kwao si uadui, iwapo milango mingine imebishwa kwanza.

Walakini hatuna budi kusema ukomo wa sheria. Muuguzi wetu, zamu yake inapogeuka kuwa ya usiku, hulala saa tatu asubuhi. Sheria huulinda zaidi usiku; haijui zamu zake. Jirani peke yake ndiye awezaye kuzijua. Akipelekewa karatasi ya zamu, na akapenda, fundi atapaka rangi asubuhi na kukata vyuma alasiri kwa siku zile chache. Hakuna afisa awezaye kumlazimisha. Aliyempeleka mwenziwe mahakamani ili anyamaze usiku, huenda akashinda usiku na kupotewa na mchana.

Nanyi wenye kazi majumbani, msingoje kuambiwa. Kabla ya kuleta mashine, zungukeni nyumba za karibu, mwulize nani ni mgonjwa, nani ana mtoto mchanga, nani hulala mchana. Waachieni majirani namba ya simu. Fagieni vumbi lenu mpaka upande wao wa ukuta. Kumpenda jirani, ambako twafundishwa tangu utoto, huanza na huyu ambaye tunasikia kikohozi chake usiku, naye asikia mashine yetu.

Basi, kama yuko msomaji wetu ambaye kwa miezi mingi amekuwa akinuna juu ya kelele za jirani, twamsihi aanze daftari lake leo, na wiki mbili zikiisha achague siku, saa kumi jioni, mashine ikiwa imezimwa, aende akabishe hodi.