Taa ya Injini Haizimi
Swali: Nilinunua Subaru Impreza WRX iliyotumika. Nikitoka Naivasha kurudi Ndabibi, taa ya injini huwaka. Nikichomoa betri huzima, kisha hurudi. Nifanyeje?

Jibu: Acha kuchomoa betri, ndugu yangu, unafuta kumbukumbu anayoihitaji fundi. Taa ikimetameta, punguza mwendo na usimame: kuna silinda isiyowasha vizuri, na petroli isiyoungua huharibu kataliza, kifaa ghali sana. Ikiwaka tu, endesha taratibu hadi kwa fundi mwenye mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu, inayochomekwa chini ya dashibodi. Msimbo P0300 utakupeleka kwenye plagi na koili. P0101 ni sensa ya hewa, na hiyo ndiyo ninayoishuku: vumbi la kwenu, jepesi kama majivu, hupita kichujio kilichochakaa. Kibadilishe kwanza.