Lugha ya Kuongozea Darasa la Elimu ya Awali

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu mwalimu bora wa elimu ya awali aghalabu huelekezwa kwenye majengo, vifaa na idadi ya watoto. Mambo hayo ni ya msingi. Hata hivyo, chombo ambacho mwalimu huwa nacho kila dakika, hata pale ambapo vitabu havipo, ni lugha. Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Makala hii inadai kwamba utulivu wa darasa hilo hutegemea, kwa kiasi kikubwa, jinsi mwalimu anavyounda usemi wake.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Mwaka 1958 Jacob Kounin na Paul Gump walichapisha uchunguzi wao kuhusu madarasa ya chekechea ya Marekani. Walitaka kujua mtoto anayeshuhudia mwenzake akikanywa huathirika vipi. Ilibainika kwamba onyo lililotaja wazi kosa na tendo linalotakiwa liliwafanya watazamaji wafuate utaratibu, ilhali onyo la ukali liliwafadhaisha tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1970, Kounin alihitimisha kwamba walimu hodari hawatofautiani na wengine kwa namna ya kukemea, bali kwa namna ya kuzuia vurugu kabla haijaanza: kufahamu yatendekayo pande zote za chumba, na kulihamisha darasa kutoka shughuli moja hadi nyingine bila mkatiko.

3.0 Muundo wa Maagizo

Sarufi ya Kiswahili humpa mwalimu njia kadhaa za kuagiza. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Acheni!
(2) Msikimbie!
(3) Tutembee polepole mpaka kwenye mkeka.
(4) Ukimaliza kuchora, rudisha rangi kapuni.

Sentensi (1) ni amri kavu. Haitaji tendo linalokomeshwa wala mtendaji wake, hivyo hata mtoto aliyetulia hujiona anakaripiwa. Sentensi (2) hutaja kosa lakini haisemi la kufanya, na mtoto wa miaka mitano aliyekatazwa kukimbia anaweza kuruka. Sentensi (3), iliyo katika hali tegemezi na yenye kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, hutaja tendo, namna na mahali, tena humweka mwalimu miongoni mwa watendaji. Sentensi (4) hutumia kiambishi -ki- cha masharti kuunganisha shughuli mbili, hivyo mtoto aliyewahi kumaliza hapati mwanya wa kukaa bure. Huo ndio uzuiaji alioueleza Kounin.

Haidaiwi hapa kwamba amri kavu haina nafasi. Mtoto anapokaribia moto, "Simama!" ndiyo kauli ifaayo. Lakini amri inayotumiwa kila mara hupoteza uzito wake siku ya hatari.

4.0 Fani Simulizi kama Mbinu ya Utaratibu

Mwito "Kitendawili!" na kiitikio "Tega!", kadhalika "Paukwa!" na "Pakawa!", ni mikataba ya kijamii ya kuanza kusikiliza. Mwalimu anayeitumia hukusanya usikivu wa darasa bila kupaza sauti wala kushika kiboko.

Yapo, hata hivyo, maitikio yanayopotosha. Swali "Mmeelewa?" huzaa "Ndiyo!" ya pamoja, ambayo humwonyesha mwalimu kwamba watoto wanajua kuitikia, si kwamba wameelewa. Agizo kama "Nionyesheni mawe matatu" hutoa ushahidi unaoonekana kwa macho. Utulivu usiopimwa kwa njia hii waweza kuficha ujinga.

5.0 Mipaka ya Hoja

Pingamizi mbili zastahili kujibiwa. Kwanza, yaweza kusemwa kwamba darasa lenye watoto wengi mno haliongozwi kwa viambishi. Ni kweli kwamba lugha haiondoi msongamano. Lakini kadiri watoto wanavyozidi, ndivyo agizo lisilo wazi linavyozaa tafsiri nyingi zaidi. Pili, wako watoto ambao lugha yao ya kwanza si Kiswahili, kwa mfano Wasukuma wa vijijini. Kwao, hata sentensi (4) yaweza kuwa fumbo. Yafaa agizo liambatane na kitendo, lirudiwe kwa maneno yaleyale kila siku, na inapobidi lifafanuliwe kwa lugha ya nyumbani. Mtoto asiyetii kwa sababu hakuelewa akiadhibiwa, hujifunza kuiogopa lugha yenyewe.

6.0 Hitimisho

Imejadiliwa kwamba uongozi wa darasa la awali ni, kwa sehemu kubwa, suala la pragmatiki. Ikiwa ndivyo, somo la Kiswahili katika vyuo vya ualimu halina budi kumfunza mwalimu mtarajiwa si kuainisha hali za kitenzi tu, bali pia kuzichagua mbele ya watoto.