Milango Miwili ya Ukoo wa Wettin

Msomaji wa habari za Matengenezo ya Kanisa hutatizwa na jambo moja. Asoma ya kuwa mtawala wa Saksonia alimficha Dr. Luther katika ngome ya Wartburg mwaka wa 1521. Kisha asoma ya kuwa mwaka wa 1522 mtawala wa Saksonia alilipiga marufuku Agano Jipya alilolifasiri Luther. Je, mtu huyo aligeuka? Sivyo. Walikuwa watu wawili, Friedrich na Georg, mtu na binamu yake.

Ukoo wao waitwa Wettin, kwa jina la ngome iliyo kando ya mto Saale katika Ujerumani. Mwaka wa 1423 walipewa utawala wa Saksonia, na pamoja nao haki kubwa: kuwa mmoja wa wale saba waliomchagua Kaisari.

Baadaye walizaliwa ndugu wawili, Ernst na Albrecht. Mwaka wa 1455, wangali watoto, waliibwa usiku na askari mmoja aliyegombana na baba yao juu ya fidia. Wakaokolewa baada ya siku chache, na mwizi akakatwa kichwa. Walipokuwa watu wazima walitawala pamoja miaka mingi, kisha mwaka wa 1485 wakagawana nchi mjini Leipzig. Mkubwa alikata mafungu, mdogo akachagua. Albrecht akatwaa Meissen, pamoja na Dresden na Leipzig. Ernst akapata sehemu kubwa ya Thuringia. Na Wittenberg ilikuwa yake tangu hapo, kwani iliandamana na haki ya kumchagua Kaisari, nayo haikugawanyika. Lakini jina la Saksonia walilichukua wote wawili, na hapo ndipo penye mashaka ya wasomaji.

Chuo kikuu cha Leipzig kilikuwa katika fungu la Albrecht. Kwa hiyo Friedrich, mwana wa Ernst, alijijengea chake Wittenberg mwaka wa 1502, na humo Luther akafundisha. Naona pasipo mgawanyo ule Luther angalikuwa chini ya Georg, mwana wa Albrecht, aliyempinga hata kufa kwake mwaka wa 1539. Mwaka ule ule Heinrich, ndugu yake Georg, aliingiza Matengenezo katika nchi yake.

Mtu angedhani ugomvi umekwisha. Lakini Moritz, mwana wa Heinrich, ajapokuwa Mlutheri, alimsaidia Kaisari Karl wa Tano kumpiga jamaa yake Johann Friedrich, mjukuu wa Ernst. Johann Friedrich alitekwa Mühlberg tarehe 24 Aprili 1547. Haki ya uchaguzi na mji wa Wittenberg vikapewa Moritz. Hapo haikuwa imani, ilikuwa tamaa ya enzi.

Wazao wa Ernst waligawana tena na tena: Weimar, Gotha, Meiningen, Coburg. Katika Coburg alitoka Leopold, mfalme wa kwanza wa Ubelgiji mwaka wa 1831, ambaye mwanawe aliitawala Kongo kama mali yake tangu 1885 hata 1908, kwa ukatili mwingi. Alitoka pia Albert, aliyemwoa Malkia Victoria mwaka wa 1840. Mjukuu wao George wa Tano aliliacha jina la Kijerumani mwaka wa 1917, akajiita wa Windsor.

Na wazao wa Albrecht? Mwaka wa 1697 Friedrich August aligeuka Mkatoliki apate kiti cha Poland. Raia zake wa Saksonia hawakumfuata. Walibaki Walutheri chini ya watawala Wakatoliki, hata mfalme wa mwisho alipojiuzulu mwaka wa 1918.